Jina la Chuo Halikazi Nati

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, ukoo mzima hugeuka tume ya vyuo vikuu. Mjomba, ambaye balbu ikiungua humwita fundi, anatoa hukumu: uhandisi ni Mlimani, Mbeya wanakwenda waliokosa. Ushahidi wake ni jina. Kweli, kitivo cha uhandisi kilianza Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1973, na MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ilikuwa chuo cha ufundi kabla ya kupanda cheo. Lakini digrii ni miaka 4 kotekote, na maadamu programu inatambuliwa, Bodi ya Usajili wa Wahandisi haiulizi kama ulisomea karibu na bahari. Inataka walau miaka 3 ya kazi chini ya usimamizi kabla ya kukuita mhandisi mtaalamu. (Hilo nalo ukoo haulijui, kofia ya mahafali inawatosha.)

Mtasema mwajiri huangalia jina. Huangalia, sikatai, na wahitimu wa Mlimani waliokalia viti vya usaili si haba. Ila jina likishakuingiza ndani, mota iliyofunguliwa mezani haitasoma cheti chako. Cha kuuliza ni hiki: mashine moja ya kukereza chuma inagawanywa kwa wanafunzi wangapi, na nani hasa anashika mpini wakati wengine wananakili vipimo nyuma ya mabega ya wenzao? Jibu halimo kwenye kipeperushi cha chuo, ambacho picha yake ya jalada, kwa kawaida, ni geti.