Nani Kenge Hapa?

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 za lami yenye kona za kutapisha hata mbuzi. Msafiri anaiacha Umatengo na kahawa yake, migomba yake na mashamba ya ngolo, baridi ikimng'ata masikio, anateremka hadi Ziwa Nyasa, takriban mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, ambako joto humngojea kituoni kama mdai. Mwalimu mmoja wa hesabu aliyekwenda huko kuangalia ndege alishuka kwenye basi amevaa sweta, koti na kofia ya sufu. Wenyeji walimpa pole, wakidhani ana malaria. Sweta na koti alivua. Kofia akakataa, kwa heshima ya kazi.

Alikuja na darubini ya kuazima na orodha ndefu ya ndege aliyoinakili kwa mwandiko wa ubaoni.

Asubuhi alijipanga kwenye mawe ya ufukweni, darubini machoni, akimsaka mdiria. Nyuma yake mtoto akapiga yowe: "Kenge!"

Mwalimu aligeuka amewaka. Tangu aanze kushika chaki hakuwahi kuitwa kenge mchana kweupe, tena na mtoto wa shule. "Nani kenge? Baba yako yuko wapi?" Mtoto hakujibu, alinyoosha kidole tu. Juu ya jiwe lile lile, karibu kabisa na kiatu cha mwalimu, kenge mwenyewe alikuwa amejinyoosha anaota jua, mrefu kuliko mtoto aliyemtaja. Kilichobaki hapo ni darubini, inaning'inia kichakani.

"Huyo hana neno, Mwalimu," alisema mama mmoja aliyekuwa anaanika usipa, akijifuta machozi ya kicheko. "Rudi, baba." Mama alisema kweli. Kenge wa majini akiona mtu hupenda kukimbia, na sifa yake kubwa ni wizi wa mayai, yakiwemo ya mamba. Mwalimu alikuwa amemkimbia mnyama anayetusaidia kupunguza mamba ziwani.

Mchana akakodi mtumbwi kwenda kwenye visiwa vya mawe. Nahodha alijua namna ya kumfurahisha mgeni: unapiga mluzi, unarusha samaki majini, na tai mvuvi, yule mwenye kichwa cheupe na sauti ya kujaza ghuba nzima, anashuka na kumnyakua kwa kucha bila kutua. Mwalimu alitaka kurusha yeye, na kupiga video yeye. Samaki akarushwa, tai akaja, tai akaenda. Simu ilinasa goti la nahodha, tena kwa picha safi kabisa.

Walipokaribia kisiwa kimoja aliyasifu mawe yake kwa weupe, akauliza nani huyapaka chokaa. Nahodha alinyamaza, akaanza kupiga kasia kwenda pembeni. Mwenye mawe yale ni mnandi, ndege ambaye manyoya yake ya nje hulowa maji, jambo linalomsaidia kuzama akifukuza samaki. Akimaliza kuvua hukaa juu ya jiwe ametandaza mbawa zikauke. Na muda wote akiwa hapo haendi chooni mbali. Kundi liliporuka kwa pamoja juu ya mtumbwi, kofia ya sufu hatimaye ilipata kazi.

Jioni ndiyo ilikuwa balaa. Aliona moshi mweusi umesimama katikati ya ziwa, akawapigia wavuvi kelele kwamba meli inaungua. Hakuna aliyenyanyuka. Ule haukuwa moshi, ni vijidudu vinavyokulia majini tangu vikiwa lava, kisha hutoka mamilioni kwa mamilioni, hasa karibu na mwezi mwandamo, na kupaa kama nguzo. Kwa hili mwalimu asichekwe sana. David Livingstone alipopita upande wa magharibi wa ziwa mwaka 1861, naye aliandika kwamba mawingu yale yalifanana na moshi wa nyasi zinazoungua. Wenyeji walikuwa wakivikamata vijidudu hivyo na kutengeneza mkate. Upepo ulipoigeuza nguzo kuelekea ufukweni, mwalimu, ambaye hata siku moja hajui kunyamaza akiwa anashangaa, aliuonja mkate huo ungali mbichi.

Lakini aliyeaibishwa na ziwa hili kuliko wote si yeye. Kaskazini kidogo ni Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa kuwa waliliona jiwe la Pomonda likifanana na ile Sphinx ya Misri. Agosti 1914 meli yao ya Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo kwa matengenezo. Ikatokea Gwendolen ya Waingereza chini ya Kapteni Rhoades, ikaanza kupiga mizinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa mnywaji mwenzake Rhoades, na habari za vita hazijamfikia. Akaingia kwenye kimashua, akamfuata swahiba wake kumfokea na kumuuliza kama amelewa. Akajibiwa kwamba vita imeanza na yeye ni mateka.

Mwalimu aliposimuliwa kisa hicho alifurahi kuliko alivyofurahia ndege wote wa orodha yake.

Wewe unayepanga kwenda, ujue kwamba kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu, na ziwa huchafuka upesi. Nahodha akisema leo hatutoki, usimbishie. Mnunulie chai, ukae naye ufukweni mpaka aamue mwenyewe.