Faili Tano Zisizojua Kuaga

Diski inasema imebaki GB 3, na wiki iliyopita tu ulifuta GB 10. Usimgombeze mtoto na michezo yake. Humo ndani kuna wageni. Tunaambiwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa jembe hawapokei, na ukiwatoa mlangoni wanarudi dirishani. Kila anayerudi ana aliyemtuma, na huyo ndiye wa kutafutwa. Tuwahesabu kwenye kompyuta ya Windows, tukianza na mpole.

5. Mshika kiti
Fungua barua kwa Word, kisha tazama folda yake huku umeruhusu faili zilizofichwa zionekane. Pembeni kuna kijifaili kinachoanza na ~$. Kinashika kiti, watu wawili wasiiandike barua moja kwa wakati mmoja. Ukifunga barua, kinaondoka. Kikibaki, huenda umeme ulikatika Word ikiwa wazi. Funga Word, kifute, yaishe.

4. Aliye edani
Ukihamia toleo jipya la Windows, la zamani halitoki siku hiyo hiyo. Linakaa eda ndani ya folda iitwayo Windows.old, na GB zake kibao. Kwenye Windows 10 na 11, eda hiyo ni siku 10: ukitaka kumrejea, mrejee ndani ya muda huo. Zikipita, mfumo wenyewe unamtoa. Ukiwa na haraka, pitia Mipangilio, upande wa hifadhi, kwenye faili za muda.

3. Mlala fofofo
hiberfil.sys huhifadhi kazi zako kompyuta ikilala usingizi mzito. Huwezi kumfuta kwa mkono, ila ukizima usingizi wenyewe kwa amri ya powercfg /h off, anajiondokea. Kompyuta itachelewa kidogo kuwaka. Mwenye laptopu amwache tu.

2. Umati wa stendi
Bonyeza Windows na R, andika %temp%. Karibu stendi! Kila programu imeshusha mizigo hapa, na nyingi zimeondoka bila kuibeba. Zima na kuwasha kompyuta kwanza, kisha futa. Zinazokataa ziko kazini, ziruke. Kesho umati utajaa tena, na hilo ni sawa, mradi uwashe kipengele cha Storage Sense kikufagilie.

Lakini subiri. Kabla ya kufagia, panga faili kwa tarehe utazame. Hati iliyotumwa kwa barua pepe, ikafunguliwa humo humo bila kuhifadhiwa kwingine, huenda ikaangukia ndani ya folda hii. Mwanafunzi aliyeirekebisha usiku kucha na kubonyeza hifadhi anaamini iko salama. Mtafutie kwanza, ufagio baadaye.

1. Mama na watoto wake
Huyu ndiye sugu, na waliotumia Windows 7 wanamjua. Windows huandika logi ya masasisho yake, CBS.log, ndani ya C:\Windows\Logs\CBS. Ikinenepa hupewa jina jipya, CbsPersist na tarehe, kisha hubanwa iwe ndogo. Tatizo: kibanaji hakiwezi faili inayozidi GB 2. Kinajaribu, kinashindwa, kinaacha kipande kiitwacho cab_ na namba zake ndani ya C:\Windows\Temp. Baadaye kinajaribu tena, kinaacha kingine. Unafagia asubuhi, jioni wamezaliwa wengine, kwa sababu umewafukuza watoto na mama yuko ndani.

Kwa hiyo anza na mama. Fungua services.msc, simamisha Windows Modules Installer, futa zile CbsPersist kubwa, ndipo ufute cab_ zote. Utaombwa ruhusa ya msimamizi, itoe. Washa kompyuta upya.

Baada ya wiki, tazama nafasi tena. Ikiwa imeshuka kwa kasi, rudi kwenye folda ya logi, panga kwa ukubwa, uanze na aliye juu kabisa.