Namba ya Bure

Kuna waungwana hawataki kuipa WhatsApp namba yao. Siri, wanasema. Basi huingia mtandaoni kuchukua namba ya bure, ya Uingereza au Marekani, ipokee ule msimbo wa WhatsApp wa tarakimu 6 wa kuthibitisha akaunti. Ujumbe unatua kwenye ukurasa ulio wazi kwa dunia nzima, wanausoma bega kwa bega na matapeli. Hodari kweli wa kuficha! Na hao hao ndio waliopanga foleni Tanzania kuchukuliwa alama za vidole kusajili laini zao, wasifungiwe 20 Januari 2020. Tena namba yao hiyo halisi wameiandika kwa rangi nyuma ya bajaji. Mwingine akiikuta ile ya bure, akaomba msimbo mpya, akaunti ni yake. Msiwape pole, jamani. Si walitaka wasijulikane?