Shaaban Robert na Kashata

Vijiweni Tanga hakuna asiyemjua Shaaban Robert. Alizaliwa 1909 Vibambani, kusini mwa mji, na kila mnywa kahawa atakuapia kwamba Kusadikika, kitabu chake cha 1951, ni johari. Muulize ni kosa gani aliloshtakiwa Karama, mhusika mkuu wa kitabu hicho: ataagiza kashata nyingine.

Aliyekisoma kweli anaijua karaha yake. Wajumbe sita, safari sita, na kila anayerudi na habari za manufaa anatupwa gerezani. Ukishachoshwa na marudio, ndipo utamu unapokolea: unaanza kuwatambua mawaziri kwa sura. Huenda ndiyo maana waheshimiwa humsifu bila kumfungua. Dar es Salaam wamempa barabara na shule, vitu visivyo na kurasa.