Barua ya wazi kwa benki inayotupenda mbele ya kamera

Kwa Mkurugenzi wa Uwajibikaji kwa Jamii,
Makao Makuu ya Benki, ghorofa ya juu,
Dar es Salaam.

YAH: SHUKRANI KWA MADAWATI, NA MAOMBI YALIYOSALIA



Ndugu Mkurugenzi, madawati yamefika. Yamefika na nembo yenu ubavuni, kubwa kuliko jina la shule, hata mtoto wa darasa la pili akiulizwa anasoma wapi anataja benki. Kamati ya shule, ambayo mimi ni mjumbe wake, imenituma nishukuru kwa maandishi. Nimeshukuru. Kuanzia hapa naandika kwa niaba yangu mwenyewe, maana kamati bado inatarajia mabati na isingependa kuhusishwa.

Hafla ilifana. Mgeni rasmi alichelewa kwa kadiri cheo chake kinavyoruhusu, na wanafunzi wakamsubiri wakiwa wamekaa chini juani, mbele ya madawati yaliyokwisha kupangwa kwa ajili ya picha na ambayo hayakuruhusiwa kukaliwa. Akina mama wa muheme waliletwa kwa lori kutoka Bahi. Kwa Wagogo ngoma hiyo hupigwa na wanawake tangu zamani za mababu, wala haikuhitajika semina ya usawa wa kijinsia ili wakabidhiwe. Mpiga picha wenu aliwanasa wakiwa wameruka hewani, na baadaye nikawakuta kwenye kalenda yenu, mwezi wa tatu, juu ya maneno "Tunathamini Tofauti Zetu". Malipo yao yalikuwa soda na fulana. Fulana zote zilikuwa za saizi moja.

Sibezi. Mabenki yetu makubwa hutangaza hadharani kwamba hutenga asilimia moja ya faida kwa ajili ya jamii. NMB peke yake mwaka 2023 ilipata faida ya takriban shilingi bilioni 545 baada ya kodi. Asilimia moja ya hapo inapita bilioni tano, na bilioni tano ni vitanda vingi vya kujifungulia. NBC nao hutukimbiza hapa mjini kila mwaka katika mbio zao za Dodoma, na sehemu ya fedha huenda kupambana na saratani ya mlango wa kizazi. Ni kazi njema, na magoti yangu tu ndiyo yanayonizuia kushiriki. Kinachonikosesha usingizi ni zile asilimia tisini na tisa, na nyuma yake ule mlima wa fedha mnazokopesha. Huko hakukatwi utepe, na wala sijawahi kuona mgeni rasmi akialikwa.

Huko ndiko nilikobisha hodi. Nilikuja tawini kuomba mkopo wa alizeti. Kijana wa mikopo alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaniita mzee wangu, akanieleza kuwa marejesho huanza baada ya siku thelathini. Nikamwambia, mwanangu, huku kwetu mvua ni msimu mmoja. Inaingia Desemba ikijaaliwa, Aprili imekwisha. Alizeti napanda Januari, navuna Mei au Juni. Ukinipa fedha Desemba, Januari nikurudishie nini, magugu? Akaiangalia kompyuta kwa huruma ya kweli, akasema mfumo haukubali. Nimeuelewa mfumo. Umezaliwa Dar es Salaam, ambako kuna vuli na kuna masika, na mshahara hunyesha mara kumi na mbili kwa mwaka.

Nikajaribu upande wa zabibu, nikidhani pengine tunda la heshima litapokelewa tofauti. Zabibu zetu huvunwa mara mbili, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, na zikiiva hazimsubiri mtu. Mwenye chumba cha ubaridi anapanga bei. Asiye nacho anapangiwa na nzi. Mche mpya nao unakaa zaidi ya mwaka ukila maji na samadi bila kukupa hata kichala kimoja. Kijana akaandika yote hayo kwa mwandiko mzuri. Kisha akaniuliza kama nina nyumba mjini.

Ndugu Mkurugenzi, katika bango lenu lililo karibu na Nyerere Square nimesoma kwamba ninyi ni benki inayokumbatia anuwai na ujumuishi. Pichani yumo mwanamke, yumo kijana, yumo mlemavu katika kiti mwendo, yumo mzee wa lubega na fimbo. Kwenye tawi lenyewe, njia ya kiti mwendo ipo, imejengwa vizuri, na inakwenda moja kwa moja hadi kwenye jenereta. Mwenye fimbo naye akifika hutakiwa aiache kwa mlinzi. Mimi nilidhani anuwai ingeanza na misimu: kwamba mkopo wa Bahi usifanane na mkopo wa Kariakoo.

Sisi wa nyanda hizi tuna uzoefu wa wema uliopangwa kutoka mbali. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa na mradi wa karanga. Nao walikuwa na maneno mazuri: mafuta ya kula kwa Uingereza iliyotoka vitani, maendeleo kwa Tanganyika. Wakaleta matrekta, wakaleta wataalamu, wakajenga mji. Ardhi ilipokauka ikavunja majembe yao, na mvua haikufuata ratiba iliyopitishwa London. Ilipofika 1951 mradi ulikuwa umeshaachwa na pauni kama milioni 36 zimezama. Mchunga ng'ombe yeyote wa Kigogo angewaeleza habari za mvua ya Kongwa bure, bila hata posho ya kikao.

Nirudi kwa wanawake, kwa kuwa kalenda yenu imewapa mwezi mzima. Siwezi kukana yaliyofanyika nchini. Ruth Zaipuna alikabidhiwa uongozi wa NMB mwaka 2020. Mwaka 2022 benki hiyo ikauza hatifungani ya Jasiri kwa ajili ya biashara za wanawake. Walitafuta shilingi bilioni 25, wakaletewa zaidi ya bilioni 70. Kabla ya hapo tulikuwa hata na Benki ya Wanawake, iliyofungua milango 2009 na kuunganishwa na Benki ya Posta mwaka 2018. Kwa hiyo msiniambie fedha za wanawake hazipatikani. Ninachoona ni kwamba zinapofika kwenye dirisha lenu la Chamwino zinaulizwa hati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamruhusu mama wa kijijini amiliki shamba na apewe hati ya kimila kwa jina lake. Akiileta, afisa wenu anaigeuza mbele na nyuma, anaishika kwenye mwanga, anamwuliza mume yuko wapi.

Mama anatoka hapo na kuvuka barabara. Ng'ambo kuna ofisi ndogo isiyo na bango la anuwai, lakini haimbagui mtu: inamkopesha siku hiyohiyo na kuchukua televisheni, kitanda na kadi ya benki, pamoja na namba ya siri. Mikopo hiyo mitaani huitwa kausha damu. Niwapongeze kwa ushirikiano huo. Ninyi mnachuja wateja, wao wanawamalizia.

Msiseme sheria zinawafunga. Mwaka 2021 Benki Kuu iliwalegezea masharti ya akiba ya lazima wale wanaokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10. Na Aprili 2025 Benki ya Ushirika ilizinduliwa hapahapa Dodoma, kwa hiyo wakulima wenzangu wana mahali pengine pa kupeleka barua kama hii. Nawaandikia ninyi kwanza kwa ajili ya mazoea tu. Mmenikata makato ya akaunti kwa muda mrefu mno nisijihisi ndugu.

Ombi langu ni hili. Mwaka huu mkitaka picha, uleteni mkopo wa alizeti kwa hafla. Tengenezeni ile hundi kubwa ya kushikwa na watu wanne, na kwenye mstari wa chini andikeni: marejesho baada ya mavuno. Nitavaa fulana ya saizi yoyote. Akina mama wa Bahi nitazungumza nao, ingawa safari hii wamesema soda hapana, wanataka kufunguliwa dirisha. Mgeni rasmi achelewe atakavyo, mradi asivuke Desemba.

Wenu katika makato,
Mkulima na mteja, Chamwino.

Nakala:
Meneja wa tawi, ahamishe jenereta.
Mlinzi, nafuata fimbo yangu Jumatatu.
Afisa mikopo, asijibu; najua atataka picha mbili za pasipoti, wadhamini wawili na barua ya mtendaji wa kijiji, na mtendaji mwenyewe bado anasubiri mkopo wake.