Ilikuwa Chini, Sasa Imepanda

Kiinua mgongo cha mwalimu wa fizikia kina njia tatu za kupotelea: ng'ombe wa maziwa, nyumba ya wageni isiyokwisha, na lori. Ng'ombe wanataka uamke alfajiri. Nyumba ya wageni inataka mafundi ujenzi, na wengi wao niliwafundisha mwenyewe. Nikanunua lori. Ni la Kijapani, la mtumba, tani nne, injini ya dizeli yenye tabo, na kazi yake ni kupandisha vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni hadi Iringa mjini. Kampuni iliyolitengeneza siitaji, maana haihusiki na lolote kati ya haya.

Anayeijua njia hiyo anajua kwamba ukishaiacha mibuyu ya bondeni, kabla hujafika Ilula kuna Mlima Kitonga. Hapo barabara inajikunja kwenye ubavu wa mlima na malori yanapanda kwa gia ndogo yakinung'unika. Lori lenye tabo nzima linanung'unika lakini linakwenda. La kwangu lilianza kupanda kwa namna ambayo muuza karanga aliweza kutembea kando ya mlango wa dereva, wakapatana bei, akarudisha chenji, wakaulizana habari za nyumbani, na bado hajaachwa nyuma.

Dereva akapiga simu. "Mwalimu, gari haivuti. Na cheki injini imewaka."

Siku hizi gari halisikilizwi tena. Zamani fundi alikuwa anainamisha kichwa juu ya injini, anafumba jicho moja, anasema "nozeli ya tatu", na mara nyingi alikuwa sahihi. Sasa anaitwa kijana wa mashine. Wa kwetu alikuja na bodaboda, begi dogo mgongoni, akachomeka waya kwenye soketi iliyo chini ya usukani, akasubiri kioo kiwake. Ikatokea P0237. Gereji nzima ikasogea kuangalia, hata waliokuwa wakiziba pancha ya lori la watu wengine.

"Sensa ya tabo imekufa, mzee," akasema kijana. Kusoma kosa ni bei moja, kulifuta ni bei nyingine. Nikalipa ya kusoma.

Sasa, P0237 haisemi hivyo. Herufi P ni ya injini na gia, sifuri inaonyesha kwamba msimbo huo unatumiwa na watengenezaji wengi kwa maana moja, 2 inakupeleka upande wa mafuta na hewa, na 37 ndiyo inayotaja shauri lenyewe: njia ya umeme ya sensa ya presha ya tabo inaleta alama iliyo chini mno. Njia ya umeme. Ndani ya maneno hayo kuna sensa, kuna plagi, kuna nyaya, na kuna kompyuta inayosoma. Kijana wa mashine alichagua kimoja kati ya hivyo, kile kinachouzwa dukani.

Tabo yenyewe haina uchawi. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliiandikishia hataza mwaka 1905: moshi unaotoka injini, badala ya kupotea bure kwenye ekzosi, unazungusha feni, na feni hiyo inazungusha nyingine inayosukuma hewa kwa nguvu kuingia injini. Hewa nyingi, mafuta mengi, nguvu nyingi. Lakini kompyuta haiwezi kumwaga mafuta kwa kubahatisha. Inataka kwanza kuambiwa hewa iliyoingia ina presha kiasi gani. Anayeiambia ni kidude kidogo kuliko kiberiti, chenye nyaya tatu: mmoja unakiletea volti 5, mmoja unarudisha umeme kwenye kompyuta, na wa katikati unapeleka habari kwa volti zinazopanda na kushuka kati ya takriban nusu na nne na nusu. Habari ikija nje ya hapo, kompyuta haibishani. Inawasha taa, inapunguza mafuta, na muuza karanga anakufikia.

Sensa ya mtumba ikatoka Dar es Salaam kwa basi, imefungwa ndani ya soksi ya mtoto, kwa jitihada za shemeji ambaye hujitolea kila panaponunuliwa kitu. Fundi rewaya akaingiza mkono nyuma ya injini, akavuta fungu la nyaya kulia, akalivuta kushoto, akaifunga. Kijana wa mashine akaitwa tena, akafuta kosa, safari hii kwa bei ya kufuta. Wakawasha gari. Taa ikarudi. Kioo kikasoma P0238, yaani alama iliyo juu mno.

Gereji ikashangilia.

"Unaona, mzee?" fundi rewaya akasema huku akijifuta mikono. "Ilikuwa chini, sasa imepanda."

Dereva wangu, ambaye ni mtu wa subira, akauliza kama tuiache mpaka kesho ishuke ikae katikati. Hakuna aliyecheka isipokuwa mimi, na nilipoangalia vizuri nikaona na yeye hakuwa anatania.

Baada ya hapo mapendekezo yakaongezeka ukubwa. Mmoja akasema kontroboksi. Mwingine akasema tabo nzima ing'olewe, na akataja bei ambayo ingeninunulia ng'ombe niliowakwepa, pamoja na zizi lao. Nikarudi nyumbani nikiwa na hesabu hizo kwenye karatasi, nikamsomea mama watoto. Yeye anameza vidonge vya presha kwa muda mrefu na hospitali ameizoea kuliko mimi nilivyoizoea gereji.

"Baba watoto," akasema, "mimi kabla ya kuandikiwa dawa nilipimwa mkono huu, nikapimwa na huu, nikaambiwa nikae nipumzike, nikapimwa tena kwa mashine nyingine. Hilo lori lenu, mbali na yule kijana, limepimwa na nani?"

Kesho yake nilikwenda gereji na mita.

Tukachomoa plagi ya sensa na kufungua swichi bila kuwasha injini. Fundi rewaya akagusisha mkia mweusi wa mita kwenye chuma cha injini, na mwekundu kwenye tundu la volti 5. Mita ikasoma 5. "Umeme upo," akasema, akaanza kukunja mita. Nikamwomba auache mwekundu pale pale, ila mweusi autoe kwenye chuma autie kwenye tundu la waya wa kurudi, ndani ya plagi. Akanitazama kama kidato cha pili walivyokuwa wakinitazama nikiwaambia jaribio lirudiwe. Akafanya. Namba ikaporomoka hadi karibu na sifuri.

"Mita mbovu," akasema.

Mweusi ukarudi kwenye chuma: 5. Ukarudi kwenye tundu: hakuna kitu. Alirudia hivyo mara nyingi, kwa haraka zaidi kila mara, akitumaini kuikamata mita ikidanganya. Chuma cha injini kina njia yake ya kurudi kwenye betri, kwa hiyo ukipimia hapo kila kitu kinaonekana kizima. Sensa haitumii njia hiyo. Inatumia waya wake, na waya wake ulikuwa umekatika mahali fulani, na sensa isiyo na waya wa kurudi inaacha alama yake ielee juu kabisa. Hiyo ndiyo P0238 tuliyokuwa tumeishangilia.

Tukalifuata fungu la nyaya kurudi nyuma, utepe ukafunguliwa kidogo kidogo. Lilipopita kwenye breketi moja, pembeni ya boliti, likaonekana. Waya wa alama ulikuwa umevuliwa ngozi upande mmoja, shaba inang'aa kwa kusuguliwa na chuma kila gari linapotikisika. Ukigusa chuma, alama inakwenda chini, na ndiyo hadithi ya P0237. Pembeni yake waya wa kurudi ulikuwa umekatika, na ncha zake zilikuwa safi, hazijapata hata vumbi. Fundi rewaya aliziangalia ncha hizo kwa muda. Kisha akamwambia kijana wake wa kazi kwamba nyaya hazivutwi kwa nguvu, na kijana akaitika, ingawa siku ile alikuwa amekwenda kumnunulia chai.

Nyaya zikaunganishwa kwa risasi, zikavikwa utepe, zikahamishwa mbali na breketi. Nikaomba sensa yangu ya zamani irudishwe. Ikapatikana droo ya chini, imekwisha sugua-suguliwa na kutiwa kwenye kimfuko, tayari kwa mteja mwingine.

Swichi ikafunguliwa. Injini kimya, mashine ikasoma kilopaskali 84.

Shemeji, asiyependa jambo liishe bila yeye, alikuwa ametuunganisha kwa simu na fundi mmoja mkubwa wa Dar es Salaam. Sauti ikatoka kwenye spika ya simu, iliyowekwa juu ya bampa ili wote wasikie. "Inasoma ngapi? Themanini na nne? Hapa kwangu zinasoma 101. Hiyo imechoka, tupeni."

Dar es Salaam iko usawa wa bahari. Iringa mjini iko juu zaidi ya mita 1,500, na huku hewa inayotukandamiza ni pungufu. Injini ikiwa imezimwa, sensa hiyo haina kazi nyingine ila kupima hewa hii tunayovuta sote. Mia na moja ingekuwa ndiyo ajabu. Nikamweleza kwamba haijachoka, imepanda mlima. Akajibu kwamba yeye hazungumzii milima, anazungumzia magari. Nikamwomba kijana wa mashine afungue ukurasa wa sensa nyingine, ile inayopima hewa ya nje. Nayo ikasoma 84. Fundi mkubwa akasema basi zote mbili zimechoka, na salio likakata.

Lori likapakia, likaukabili Kitonga. Halikuvuta. Taa ikawaka. Mashine ikasoma P0299: presha ya tabo haifiki inapotakiwa.

"Sensa," wakasema wote kwa pamoja.

Hapa ndipo nilipoanza kuionea huruma. Ilipokuwa inasema uongo kwa sababu ya nyaya, waliiamini kiasi cha kusherehekea. Sasa inasema kweli tupu, wanataka kuirudisha kwenye kimfuko. Kosa la safari hii halikugusa umeme hata kidogo. Sensa ilikuwa inatuambia kwamba mlimani, dereva akiwa amekanyaga mafuta yote, hewa ambayo ingekaribia kilopaskali 200 haikuvuka 120. Upepo ulikuwa unatoka tabo na haufiki injini. Mahali fulani katikati ulikuwa unakwenda zake.

Dereva hakuwa amesikia chochote. Hupanda Kitonga na kwaya, kwa sauti ambayo hata mimi nikiwa abiria siwezi kusikia injini, sembuse mpira uliochanika. Aliyekuwa na ushahidi ni utingo. Utingo wangu ni kijana msafi kupita kiasi. Malori ya wenzetu yana injini nyeusi kwa mafuta na vumbi. Letu unaweza kuandalia ugali juu yake, na kila mara nilikuwa nampa hela ya soda kwa ajili hiyo. Nikamkuta jioni hiyo na tambara lake, amelala chini ya bampa, anasugua mpira mnene unaotoka kwenye intakula, ile rejeta ya kupozea hewa.

"Unafuta nini hapo?"

"Mafuta, Mwalimu. Hapa pana ubishi. Kila jioni nafuta, kesho yanarudi."

Hewa ya tabo husafiri na ukungu kidogo wa oili. Panapovuja, hewa inapotea na oili inabaki, inanasa vumbi, inaweka doa ambalo fundi yeyote wa enzi za jicho moja angeliona akiwa anashuka kwenye baiskeli. Letu lilikuwa likisuguliwa kila jioni kwa sabuni ya kipande, na mimi nikilipia.

Tukaziba mwanzo na mwisho wa njia ya hewa, tukaingiza upepo kidogo wa kujazia matairi, tukapaka povu la sabuni. Juu ya mpira, kimya. Pembeni, kimya. Utingo akapitisha kiganja upande wa chini, na povu likaanza kuvimba kati ya vidole vyake, viputo vikubwa vikipasuka na kuvimba tena. Mpasuko wenyewe ulikuwa mrefu kama kidole, na ukiondoa upepo unajifunga hauonekani. Ndiyo maana gari likiwa limesimama lilikuwa zima kabisa, na kila fundi aliyeliwasha gerejini alisema halina tatizo.

Mpira mpya na klipu zake ulikula bei ya gunia moja la vitunguu. Kijana wa mashine akafuta kosa, na kwa mara ya kwanza hakutaja bei. Alisema nimpe ninachoona. Fundi rewaya anawasimulia wateja jinsi alivyogundua kwamba mweusi haupimwi kwenye chuma, na anaisimulia vizuri kuliko mimi. Dereva anasema Kitonga sasa anapanda na gia ya tatu, karanga hanunui tena, wauzaji wakimfikia ni bondeni tu.

Utingo nimemkataza kufuta kitu chochote chenye unyevu bila kunijulisha. Ananitumia picha. Nimeshapata ya rejeta, ya sampu, ya boliti za gurudumu baada ya mvua, na ya chupa ya maji ya dereva iliyokuwa inavuja. Jana usiku ilikuja nyingine, doa jeusi kubwa kwenye lami ya maegesho ya Ilula. Nikampigia, nikiwa tayari nimekwisha vaa viatu. Akasema hapana, Mwalimu, hilo ni la lori la jirani, ila amemwambia mwenyewe asilifute mpaka ulione.