Kidumu Kimefunga Mkanda

Ulaya hawana mzaha na bebe. Kanuni ya R129 ya viti vya watoto garini, iliyoanza mwaka 2013, inataka mtoto asafiri akitazama nyuma mpaka apite miezi 15. Na hata kwenye yale magari yenye kitanda na jiko ndani, kiti chake hakifungwi kwenye benchi la ubavuni.

Kati ya Uvira na Baraka, bebe naye hutazama nyuma. Ananyonya.

Mama amebanwa kwenye siti ya watatu iliyopakiwa wanne. Mtoto hahesabiwi kwa kuwa halipi. Mkanda, ukibahatika kuuona, umezungushwa kwenye kidumu cha mawese cha lita 20, kifuniko kimekazwa kwa kipande cha nailoni. Ni haki yake: mawese yakimwagika, mwenyewe atadai kuanzia Mboko mpaka stendi. Bebe akirushwa, atalia tu.

Gari likigonga kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 10 huvutwa mbele kwa nguvu ya kilo 300 hivi. Hakuna mikono ya kumzuia hapo, hata iliyozoea kutwanga sombe.

Dereva, ukiwa na bebe ndani, punguza mwendo. Nauli ya kidumu haitapungua.